Shahada ya uzamili ya ukyureta wa sanaa: maswali ya wanaotaka kazi ya makumbusho

Ukurasa huu ni kwa mwenye shahada ya kwanza, au anayekaribia kuimaliza, anayetaka kusimamia mikusanyo na maonesho ya sanaa katika makumbusho. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Kanuni za viza na ufadhili hubadilika, kwa hiyo hakiki tarakimu kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa chochote.

Kyureta wa makumbusho hufanya kazi gani hasa?

Umma humwona siku ya ufunguzi wa maonesho, amesimama mbele ya kipaza sauti. Siku nyingine zote yuko ghalani au mezani. Anasajili kilichoingia, anafuatilia kilitoka wapi na kwa nani, anaandika taarifa ya hali yake, anajibu maombi ya watafiti, anaandika lebo, anagombania bajeti ya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu). Katika makumbusho ya taifa ya nchi zetu, kyureta ni mtumishi aliyekabidhiwa sehemu ya mkusanyo, na kitu kikipotea yeye ndiye anayeulizwa.

Kyureta wa kujitegemea, anayeandaa maonesho kwa mradi mmoja mmoja kwenye vituo kama Nafasi Art Space cha Dar es Salaam au 32° East cha Kampala, kwa kawaida hana mkusanyo wa kutunza. Ana wazo, wasanii na tarehe. Ni kazi halali na ngumu, ila haiandaliwi na kozi ileile. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshalipa ada.

Lazima niwe nimesoma sanaa?

Hapana. Historia, akiolojia, anthropolojia, fasihi na usanifu majengo hukubalika karibu kila mahali. Kama ulisoma kitu cha mbali zaidi, sema uhasibu, utahitaji kuonesha kazi: maonesho uliyoshiriki, katalogi uliyoandika, miezi ya kujitolea ghalani.

Lakini lipo jambo ambalo vyuo vya nje havitakwambia. Matangazo ya ajira za umma nyumbani mara nyingi hutaja fani ya shahada ya *kwanza*. Shahada ya uzamili haifuti fani hiyo. Kabla ya kuomba chuo, tafuta matangazo matatu au manne ya zamani ya kazi unayoitaka, uone kama ungepita mchujo.

Kozi zina majina yanayofanana. Tofauti iko wapi?

Ziko familia tatu.

Ya kwanza ni masomo ya makumbusho. Hapa utafundishwa usajili, utunzaji, elimu kwa wageni, uendeshaji, sheria na maadili. Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, kimefundisha fani hii tangu 1966, na Reinwardt Academy ya Amsterdam ni jina jingine kubwa.

Ya pili ni ukyureta wa sanaa ya kisasa: Royal College of Art ya London tangu 1992, na Bard College katika jimbo la New York, ambako kituo cha ukyureta kilianzishwa 1990 na kozi huchukua miaka miwili. Hapa mkazo ni nadharia, kufanya kazi na wasanii walio hai, kuandika, na kuandaa maonesho ya pamoja ya darasa. Usajili wa mikusanyo hupata nafasi ndogo.

Ya tatu ni historia ya sanaa ya eneo fulani ikiambatana na makumbusho. Sainsbury Research Unit ya Norwich, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha East Anglia, imejikita kwenye sanaa za Afrika, Oceania na Amerika.

Anayetaka ajira ya makumbusho nyumbani ataitumia zaidi ya kwanza, au ya tatu yenye mafunzo kazini. Ya pili ina maana kama lengo ni maonesho ya kimataifa, nyumba za sanaa za binafsi, au taasisi kama Nairobi Contemporary Art Institute.

Je, siwezi kusoma Afrika?

Unaweza, na kwa wengi hili lingepaswa kuwa chaguo la kwanza. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kina stashahada ya uzamili ya masomo ya makumbusho na urithi, na kwa miaka mingi kimeshirikiana na Makumbusho ya Robben Island. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliandaa shahada ya ukyureta kwa kushirikiana na Iziko, taasisi inayosimamia makumbusho makubwa ya mji huo. Angalia ngazi yake: ni shahada ya Honours ya Afrika Kusini, mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza, kabla ya uzamili kamili. Muulize mwajiri ataihesabu vipi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na urithi. Makerere ina shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell pamoja na jumba lake la sanaa. Wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura wanaofanya kazi kwa Kifaransa waiangalie École du Patrimoine Africain ya Porto-Novo, Benin, iliyoanza 1998 mahsusi kwa wafanyakazi wa urithi.

Huko Ghuba, UCL Qatar, iliyokuwa na shahada ya uzamili ya fani hii, ilifungwa 2020. Bado tunaulizwa kuihusu.

Nichague chuo kwa kigezo gani?

Kwa mkusanyo utakaoushika kwa mikono yako. Sifa ya jina ifuate. Mwandikie mratibu wa kozi maswali haya, na majibu yasiyo wazi uyahesabu kuwa "hapana":

- Wanafunzi hufanya kazi na mkusanyo upi, na kwa saa ngapi kwa muhula?
- Mafunzo kazini ni ya lazima? Nani huyatafuta, chuo au mwanafunzi?
- Nikimaliza, nitakuwa nimesajili vitu vingapi mwenyewe, mwanzo hadi mwisho?
- Kuna mwalimu anayefahamu mikusanyo ya Afrika Mashariki?

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. Pale mwanafunzi anapoachiwa ajitafutie nafasi, mgeni asiyejua mtu mjini hufika Machi akiwa hana mahali, na nafasi zilizobaki ni za kukaa mapokezi.

Maombi yanahitaji nini?

Kwa Uingereza na kwingineko utaombwa nakala za matokeo, barua mbili za mapendekezo, barua ya kujieleza na uthibitisho wa Kiingereza, mara nyingi IELTS 6.5 au 7.0. Kozi za ukyureta wa sanaa ya kisasa huongeza pendekezo la maonesho, na hapo ndipo mchujo unapofanyika.

Pendekezo zuri ni fupi. Ukurasa mmoja wa wazo. Orodha ya kazi 12 hadi 15, kila moja ikiwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita, na mahali ilipo sasa. Ramani ya ukumbi kwa kipimo cha 1:50. Lebo mbili za mfano, maneno 50 hadi 75 kila moja. Bajeti yenye usafiri, bima, uchapaji, mafundi na malipo ya wasanii. Malipo ya wasanii ndiyo husahaulika kila mara, na wasomaji wa maombi huona.

Makosa tunayoyaona yanajirudia. Mwombaji anaorodhesha kazi ambazo hakuna atakayemwazima. Anaandika aya tano za nadharia bila kumtaja mgeni hata mmoja atakayeingia mlangoni. Anachagua mada pana kama "utambulisho wa Mwafrika", wakati alikuwa na picha arobaini za mchoraji wa mtaani kwao ambazo hakuna aliyewahi kuziandikia. Chukua hizo arobaini.

Barua za mapendekezo: mwandishi wako mmoja awe amekuona ukifanya kazi. Profesa maarufu aliyekufundisha ukumbini pamoja na wenzako 300 hana la kusema.

Ufadhili upo?

Upo, lakini kalenda yake hutangulia ya vyuo. Chevening ya Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Inadai saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza, karibu miaka miwili. Saa za kujitolea na mafunzo kazini huhesabiwa, kwa hiyo tunza barua zinazozithibitisha. Unataja kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola uko wazi kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Burundi na Congo si wanachama. Huo hupimwa kwa mchango wa maendeleo, kwa hiyo anayeandika kwamba anapenda sanaa hafiki mbali. Andika kuhusu ajira, elimu ya shule za msingi, au rekodi za urithi zinazooza. Fulbright ya Marekani hupitia ubalozi, na DAAD ya Ujerumani nayo ianze kufuatiliwa mwaka mmoja kabla.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Ila bila ufadhili utatakiwa kuweka fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu isiyokuruhusu kuzitoa zote kwa mkupuo: yuro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Septemba 2024.

Kwa nini viza ya Uingereza hukataliwa hata mtu akiwa na fedha?

Kwa sababu ya siku na jina la akaunti. Fedha za ada iliyobaki na za kujikimu, hadi miezi tisa, zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki iwe haijazidi siku 31 unapoomba. Mtu akitoa laki mbili siku ya ishirini kulipia msiba, hesabu inaanza upya.

Akaunti iwe yako, ya mwenzi wako, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, na ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Akaunti ya mjomba haikubaliki, hata kama mjomba ndiye aliyekusomesha tangu chekechea. Ahamishie fedha kwako mapema, kisha uhesabu siku zako. Aliyefadhiliwa kikamilifu na serikali au shirika linalotambulika huthibitisha kwa barua ya ufadhili.

Ongeza kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa (kinahitajika kwa Tanzania, Kenya na Uganda) na ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi.

Nitajifunza vitu gani vya vitendo?

Kozi ikiwa nzuri, haya yatakuingia mwilini.

Usajili. Kila kitu hupata namba ya kudumu. Namba 2019.4.12 ni kitu cha kumi na mbili katika pokeo la nne la mwaka 2019. Haiandikwi moja kwa moja kwenye kitu: unapaka tabaka la Paraloid B-72 (vanishi angavu inayoweza kuondolewa), unaliacha likauke, unaandika kwa wino, unapaka tabaka la pili. Kanga hushonewa utepe wa pamba wenye namba. Stika za dukani huacha gundi inayobadilika rangi na kung'oa rangi ya kitu. Maghala yetu yana vinyago vingi vyenye alama hiyo.

Mwanga. Karatasi na nguo luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), picha za mafuta luksi 200. Madhara ya mwanga hujumlishwa: luksi 50 kwa saa 8, siku 300, ni luksi-saa 120,000. Ukumbi wenye dirisha linaloingiza luksi 500 hufikisha kiasi hicho kwa siku 30. Yaani kanga iliyotundikwa karibu na dirisha inazeeka mwaka mzima ndani ya mwezi mmoja.

Unyevu. Vitabu vya Ulaya vilizoea asilimia 45 hadi 55. Siku hizi makumbusho mengi makubwa yanakubali 40 hadi 60. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar unyevu wa hewa hupita 70 sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu huanza kuota karibu na 65 hadi 70. Hapa mwanafunzi hurudi na jibu la kuweka viyoyozi. Tatizo ni kwamba kiyoyozi huzimwa saa kumi jioni kubana umeme, na unyevu unapanda na kushuka kila siku. Huko kupanda na kushuka huumiza mbao kuliko unyevu mkubwa uliotulia. Kabati lililozibwa vizuri lenye silika jeli, feni ya kuzungusha hewa, na rafu zilizo mbali na ukuta wa nje hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo.

Malighafi za kwetu. Hili silabasi nyingi hazina, lidai. Picha za Tingatinga za mwanzo zilichorwa kwa rangi ya kung'aa ya dukani juu ya ubao mgumu wa nyuzi. Ubao hunyonya maji kutoka kingoni, unavimba, na rangi iliyokakamaa inapasuka. Kinyago cha mpingo kilichokaa Dar kikipelekwa kwenye ukumbi wenye kipasha joto huko Ulaya wakati wa baridi hupasuka kwa mshipa mrefu, hasa kama mti ulichongwa mbichi. Na si kila kinyago cheusi ni mpingo. Vingine ni mti mwepesi uliopakwa kiwi.

Wadudu. Nguo na mbao huwekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha kwenye friza: wiki mbili kwa nyuzi hasi 20, au siku tatu kwa hasi 30. Baada ya kuutoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya kitu chenyewe. Picha zilizochorwa kwa rangi haziingii humo. Vaa glavu za nitrili kwa mikusanyo ya zamani, maana vitu vingi vya enzi ya ukoloni vilipuliziwa sumu za wadudu kama aseniki au DDT.

Kuazimisha. Mkataba, taarifa ya hali yenye picha, bima ya kutoka ukutani hadi kurudi ukutani, sanduku lenye kinga ya mtikisiko. Sanduku likifika halifunguliwi kabla ya saa 24. Vibali ndivyo huchelewesha: mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na shehena ya vitu vilivyokamilika inayozidi kilo 10 za mti huo inahitaji kibali. Pembe za ndovu ni kesi nzito zaidi, hata kwa kitu cha kale kama Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu.

Suala la kurudisha mali zilizochukuliwa linafundishwa?

Ndiyo, na mwombaji kutoka Afrika Mashariki ataulizwa kwenye usaili. Epuka hotuba, zungumzia ushahidi. Mfano mzuri ni vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazochongwa kuwakumbuka wafu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango vya nduguze. Vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa kati ya vitu vya Illinois State Museum, kingine kikapatikana Hampton University, na 2007 vyote viwili vikarudi kwa familia. Kilichovirudisha ni picha yenye tarehe na jina la mwenye mali.

Mradi wa International Inventories Programme, wenye Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani yake, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo nje. Mikusanyo ya Tanzania iliyoko Berlin inahitaji watu wanaosoma Kijerumani cha zamani cha mkono. Anayejifunza ujuzi huo pamoja na ukyureta atakuwa na kazi.

Tasnifu niandike kuhusu nini?

Mkusanyo mmoja unaoweza kuufikia. Uingereza shahada ina krediti 180, tasnifu ni maneno 12,000 hadi 15,000, na una kama miezi mitatu. Ukitaka kufanya utafiti nyumbani, idhini ya maadili ya chuo huchukua wiki kadhaa, na juu yake kuna kibali cha utafiti cha serikali, kutoka COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya au UNCST Uganda. Anza Januari. Anayeanza Mei huishia kuandika kutoka maktaba.

Kusoma kwa masafa kunafaa?

Kwa aliye tayari kazini makumbusho, ndiyo, tena sana: anafanyia mazoezi ghala lake. Kwa asiye na mkusanyo karibu, hapana. Uliza kwanza mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako, kwa Tanzania TCU, kama cheti hicho kitatambuliwa.

Kuna njia fupi bila shahada ya pili?

Zipo. British Museum ina mafunzo ya kimataifa kwa wafanyakazi wa makumbusho tangu 2006. Independent Curators International ya New York huendesha mafunzo mafupi ya ukyureta, na RAW Material Company ya Dakar ina akademia yake. Kwa kyureta wa kujitegemea, wiki hizo chache na maonesho mawili yaliyofanyika vizuri huweza kutosha.

Ajira zinatangazwa wapi, na kwa jina gani?

Tanzania, nafasi za umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Usitafute neno kyureta peke yake: tazama pia mhifadhi makumbusho, mhifadhi mambo ya kale, afisa utafiti, afisa elimu. Umri kwa kawaida usizidi 45. Cheti cha nje kithibitishwe na TCU, na hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliki badala ya cheti chenyewe. Watu wenye shahada mbili huachwa kwa karatasi hiyo. Kenya, andaa mapema vyeti vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (maadili na rushwa), DCI (rekodi ya jinai) na taarifa ya mikopo ya benki.

Mshahara hufuata ngazi ya utumishi, na shahada ya pili haipandishi ngazi yenyewe.

Nifanye nini mwaka huu, kabla ya kuomba?

Nenda makumbusho au jumba la sanaa la karibu ukiwa na barua na ombi dogo: kukagua vitu 20 kwa miezi mitatu. Kwa kila kimoja andika aina, malighafi, vipimo, alama, hali, asili na njia kilichofikia hapo. Piga picha mbele, nyuma na mahali palipoharibika, ukiweka rula na namba kwenye fremu. Usiombe kuandaa maonesho, utakataliwa. Ombi la kazi ambayo wafanyakazi hawana muda nayo hukubaliwa kwa urahisi zaidi. Mkuu wa ghala akikupa ufunguo wa rafu moja, hakikisha unasaini daftari kila unapoingia na kila unapotoka, na ukikuta namba mbili kwenye kitu kimoja, ziandike zote mbili. Usifute hata moja.